Nyekundu kwa Jina la Meja Julius

Asubuhi ile Meja Julius alishuka mjini akiwa amevaa nguo za kiraia. Kabla hajaingia garini alimwachia Kapteni Martha kazi ya taarifa ya robo mwaka. Alimtajia nywila yake ya kompyuta kwa mdomo, polepole, kwa sababu hakutaka kuiandika popote, kisha akasema kikosi kiwe kijani, na kwamba akimaliza ampigie simu. Mkewe, Hilda, alikuwa na zamu ya kusafishwa damu hospitalini, na mtu mwingine wa kumsindikiza hakuwapo.

Martha alisema sawa, Afande. Hakuwa na nguvu ya kusema zaidi.

Yeye ndiye alikuwa mnadhimu wa kikosi, yaani karatasi zote zilipita mezani kwake: ruhusa za askari, mafuta, chakula, wagonjwa, mashauri. Kikosi chenyewe kilikuwa kombania moja tu, juu ya Marangu, pale vihamba vya migomba na kahawa vinapoishia na msitu unapoanza. Kazi yake ilikuwa dharura za mlimani, moto na watu waliopotea, na mara mojamoja doria ya mpakani upande wa Tarakea. Martha alizaliwa chini kidogo ya hapo, na alipohamishiwa kikosini watu walidhani amebahatika kurudi nyumbani. Alikuwa amepanga nyumba Soweto, mjini Moshi, kwa ajili ya shule ya binti yake. Mume wake alifanya kazi Mwanza. Mama yake, aliyekuwa akisumbuliwa na miguu, alibaki peke yake Marangu. Kwa hiyo maisha ya Martha yalikuwa kupanda na kushuka barabara ileile, na kila alikofika alikuta anasubiriwa na anachelewa kwingine.

Zamani taarifa ya utayari ilikuwa barua ya ukurasa mmoja. Kamanda aliandika kwamba kikosi kiko tayari kutekeleza majukumu yake, akagonga muhuri, ikaenda. Mwaka huo ukaja Mfumo. Jina lake kamili lilikuwa refu, lakini kambini waliuita hivyo tu. Ulifunguliwa kwenye kompyuta kwa mtandao, nao uliuliza kila kitu peke yake. Gari hili linatembea? Breki zake zilitengenezwa lini, na fundi gani? Weka picha. Askari huyu alipanda miinuko mara ya mwisho lini, na nani alimpima? Ukijibu kwamba kitu kiko tayari, ulikuletea maswali mengine chungu nzima. Ukijibu kwamba hakiko tayari, ulikuuliza swali moja tu, kwa nini, kisha ukakuacha usonge mbele. Mwishoni ulijumlisha wenyewe na kutoa rangi ya kikosi: kijani, njano au nyekundu.

Mtandao wa kambini ulikuwa wa kubahatisha, na mahali pekee uliposhika vizuri ni dirishani kwenye bwalo, karibu na jiko. Martha akahamia hapo na kompyuta yake. Wapishi walikuwa wanamenya ndizi upande wa pili wa ukuta, wakizungumza Kichagga kwa sauti ya chini kwa sababu alikuwapo.

Alianza na boza la maji. Hilo ndilo lililojulikana kuliko kitu kingine chochote cha kikosi. Kila sherehe ya kitaifa lilishushwa Moshi likiwa limepakwa rangi na kung'arishwa, likapita uwanjani na askari wamesimama juu yake, na watu wakapiga makofi. Lakini breki zake zilikuwa zimekufa. Koplo Basili, dereva wake wa miaka mingi, alikuwa amekataa kulipandisha mlimani tangu kiangazi cha mwaka uliopita, na hata huko uwanjani alilisimamisha kwa gia na kwa kumwomba Mungu. Maombi ya vipuri yalishatumwa. Majibu yalikuwa kwamba suala linashughulikiwa.

Martha akabonyeza kwamba boza liko tayari. Mfumo ukauliza tarehe ya matengenezo, akatunga tarehe. Ukauliza jina la fundi, akafikiri, akaweka jina la fundi mmoja aliyekwisha kustaafu. Ukaomba picha ya breki mpya. Hapo akakaa akiliangalia lile pengo jeupe la picha. Angeweza kupiga picha ya breki za gari lingine, hilo halikuwa gumu. Lakini baada ya boza zilikuwepo redio, na baada ya redio, askari, mmoja mmoja. Wengi wao hawakuwa wamepanda juu kwa muda mrefu, kwa sababu mafunzo ya miinuko yaliahirishwa kila yalipopangwa. Ili wawe kijani ilibidi amtungie kila mmoja safari yake: siku gani, walilala kambi gani, nani aliongoza, kifua chake kilikuwaje huko juu. Na robo ijayo ingebidi akumbuke yote aliyoyatunga, ayaendeleze.

Baadaye walikuwepo watu waliosema alikuwa jasiri, na wengine waliosema alikuwa na ajenda yake. Ukweli ni kwamba alikuwa amechoka. Usiku uliotangulia alikuwa kwa mama yake, akimkanda miguu, na alfajiri aliamshwa na simu ya binti yake akiuliza sketi ya shule iko wapi. Kutunga uongo ni kazi, nayo ilihitaji kichwa ambacho siku hiyo hakuwa nacho. Akafuta tarehe, akafuta jina la fundi, akajibu kwamba boza haliko tayari. Kwa nini? Breki mbovu. Mfumo ukamshukuru na kumpeleka mbele.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda upesi. Wapishi walipoanza kupakua chakula cha mchana alikuwa amemaliza, na juu ya kioo palitokea ukanda mwekundu wenye jina la kikosi. Ilibaki kupitishwa na kamanda. Martha alifikiria kumpigia Meja Julius. Alimwona akilini amekaa kwenye benchi la hospitali, amemshikia mkewe mkoba. Alijijua pia: akimpigia, ataambiwa arudie, naye atarudia. Akaingia kwa nywila ya kamanda, akapitisha. Kisha akafunga kompyuta, akala ndizi zake zikiwa bado za moto, akarudi ofisini kusaini ruhusa. Jioni ile hakumpigia mtu simu.

Makao makuu ya brigedi walimpigia Meja siku iliyofuata, akiwa bado mjini. Alifika kambini mchana, akiwa na uso wa mtu aliyelala kwenye kiti. Akamwita Martha ofisini, akafunga mlango mwenyewe.

"Umeniweka nyekundu," alisema.

"Ndiyo, Afande."

"Kwa jina langu."

"Ndiyo, Afande."

Meja Julius aliketi. Hakupaza sauti. Alimweleza jambo ambalo Martha alilijua nusu nusu: kwamba anastaafu mwisho wa mwaka, kwamba orodha ya kupandishwa vyeo ilikuwa mezani wiki ileile, na kwamba alitumaini kuondoka akiwa Luteni Kanali, si kwa ajili yake sana bali kwa ajili ya Hilda, ambaye aliishi naye kwenye kambi zote mbaya za nchi hii bila kulalamika. Akamuuliza kama ana ugomvi naye. Martha akasema hana. Akamuuliza kama kuna mtu amemtuma. Akasema hakuna.

"Sasa kwa nini hukunikatalia jana asubuhi? Nilisimama mbele yako. Ungeniambia, Afande, hili siliwezi."

Swali hilo lilimchoma Martha kuliko kama angetukanwa. Alisimama akiangalia ramani ya mlima ukutani. Kisha akasema, "Sikuwa na nguvu ya kubishana nawe, Afande. Nilikuwa na nguvu ya kujaza tu."

Meja alitoa kicheko kifupi kisicho na furaha. Akasema kwamba angeweza kumshitaki kwa kutumia nywila ya kamanda kinyume cha amri, na kwamba kesi ingeanza kwa kumuuliza yeye kamanda nywila yake ilimfikiaje kapteni. Akavaa miwani. Akamwomba amfungulie taarifa yenyewe, akaisoma yote kutoka juu hadi chini, bila haraka, akisogeza kidole kwenye kioo kama anayesoma Biblia. Martha alisimama muda wote huo.

"Kuna uongo wowote humu?" aliuliza alipomaliza.

"Hakuna, Afande."

Akainuka, akatoka kwenda maegeshoni, akamwamuru Koplo Basili awashe boza, alizungushe uwanja wa gwaride na alisimamishe kwenye mlingoti wa bendera. Basili alimtazama Martha, Martha akatazama chini. Boza lilizunguka vizuri, likaja kwenye mlingoti, likaupita, likaenda kusimama kwenye uzio wa michongoma baada ya Basili kulishusha gia mara mbili. Askari waliokuwa wakifyeka majani walijifanya hawakuona. Meja Julius alisimama pale, mikono nyuma. Akaingia kwenye gari lake akarudi kwa mke wake.

Siku chache baadaye Kanali Jesse alikuja kutoka brigedi na watu wake wa ukaguzi. Kanali hakuwa mtu mkali. Naye alionekana mchovu, kwa sababu ramani ya vikosi vyake ilikuwa imepata doa jekundu moja tu, na alikuwa ameulizwa na wakubwa wake. Walikagua magari, ghala, zahanati. Kisha maofisa wote wakaitwa bwaloni, na Kanali akauliza taarifa ile ilijazwa na nani.

Martha alifungua mdomo. Meja Julius alikuwa ameshaanza kusema.

"Ni taarifa yangu, Afande. Jina lililopo ni langu."

Kanali akamkumbusha kwamba barua yake ya mwisho, kabla ya Mfumo, ilisema kikosi kiko tayari. Ni nini kilichotokea katikati?

"Hakuna kilichotokea," alisema Meja. "Barua haikuuliza habari za breki."

Kanali alimfungulia njia ya kutokea, kwa upole kabisa: kuna majibu machache ambayo yakirekebishwa kidogo, kikosi kinaingia njano, na njano haimsumbui mtu. Alitoa wiki nzima ya kufikiri. Meja alishukuru, akasema atarekebisha siku breki zitakapofika. Kanali akafunga faili lake. Alipokuwa akiagana na Martha nje, alimshika mkono kwa muda kidogo zaidi ya kawaida, na Martha hakujua kama anampa pole au anamwonya.

Baada ya hapo amri ikaja. Mpaka matatizo yaliyotajwa yatatuliwe, kikosi kiliondolewa kwenye orodha ya wanaoitwa dharura ya mlimani ikitokea. Matengenezo yakapewa namba kwenye foleni. Orodha ya vyeo nayo ikatoka, na jina la Meja Julius halikuwemo. Alimpa Martha karatasi ile aibandike kwenye ubao wa matangazo kama alivyompa karatasi nyingine zote, na tangu siku hiyo hakuzungumza naye jambo lolote lisilo la kazi.

Askari nao walinung'unika. Waliokuwa wakitarajia kwenda mafunzoni walifutiwa nafasi. Wengine walisema Kapteni amewavua nguo mbele za watu. Walimpigia saluti kama kawaida, lakini mazungumzo yalikatika alipokaribia. Martha aliendelea kupanda na kushuka. Jumapili moja, wakiwa jikoni mtori ukichemka, alimsimulia mama yake kwa ufupi. Mama alisikiliza, akauliza kama atafukuzwa kazi. Martha akasema hadhani. Mama akasema basi ale kwanza, amekonda.

Kiangazi kilikuwa kikali mwaka huo. Moto ulianza mahali fulani juu ya msitu, kwenye vichaka vya nyikani, na kufikia siku ya pili moshi ulionekana mpaka Moshi mjini. Wapagazi na waongoza watalii walipanda. Vijana wa vijiji wakapanda na mapanga na matawi ya kupigia moto. Vikosi vingine vilikuja kutoka mbali, malori yao yakipita mbele ya geti la kambi, na askari waliokuwa ndani ya malori yale waliwatazama wenzao waliosimama getini wakiwa na kombati safi. Amri ya kikosi ilikuwa kubaki kambini na kusubiri.

Mchana wa siku hiyo Meja Julius alikuwa hospitalini, na Martha ndiye aliyekuwa na dhamana ya kambi. Askari wa lindo walimwita getini. Kundi la watu lilikuwa limesimama pale, wengi wao wakiwa na nguo zilizojaa majivu, na mbele yao Mzee Sifael, mzee wa usharika, ambaye alimfundisha Martha kipaimara zamani hizo. Mwanawe mkubwa alikuwa mwongoza watalii, na alikuwa huko juu tangu jana.

Martha alimwamkia, "Shikamoo, mzee," naye akaitikia, lakini hakuuliza habari za mama kama ilivyokuwa desturi yake.

"Boza liko wapi?" aliuliza.

"Lipo, mzee. Halina breki."

Watu walinong'ona. Mwanamke mmoja mwenye kitambaa puani akasema kwamba wote walikuwa mjini siku ya sherehe na waliliona likipita kwa macho yao. Martha akamjibu kwamba uwanjani ni tambarare. Akaeleza, kwa maneno machache, kwamba likipanda na maji haliwezi kushuka salama, na barabara yote ile ina watu wanaopanda kwa miguu. Alijua kwamba hapaswi kuwaambia raia mambo haya. Aliyasema tu, kama mtu anayetua mzigo chini kwa sababu mikono imegoma.

"Na askari?" Mzee Sifael aliuliza. "Hawa wote niwaonao hapa."

"Wengi hawajapanda huko muda mrefu, mzee. Hewa ya kule mnaijua. Nikiwapeleka leo, mtaacha moto muwabebe wao."

"Tangu lini?"

"Muda mrefu."

Mzee Sifael aliitazama kambi, nyumba zake zilizopakwa chokaa, mlingoti, boza lenyewe likiwaka jua kule nyuma. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote.

"Tulikuwa tunalala tukijua mpo," alisema. "Mngetuambia tu. Tungejipanga wenyewe."

Watu wakageuka, wakaendelea na njia ya juu, Mzee Sifael akienda nao mpaka pale ambapo miguu yake ingemruhusu.

Alirudi bwaloni, kwenye dirisha lenye mtandao, akapiga simu brigedi. Alieleza kwamba kuna askari wachache kikosini ambao rekodi zao za miinuko ni nzuri, kwa sababu walikuwa wameazimwa na kikosi kingine na kupanda mara kwa mara. Aliomba waruhusiwe kwenda, hata kama ni kubeba maji na chakula. Ofisa wa zamu upande wa pili hakumdai barua wala hakumwambia asubiri. Alifungua taarifa ya kikosi, na Martha akamsikia akiwasoma wale wa kijani, jina baada ya jina. Alipomaliza akasema hao waende, na asiongezeke hata mmoja. Simu ilikatika na Martha akabaki ameishika, akiwa na hamu ya kulaza kichwa juu ya meza.

Waliondoka na gari la usharika, kwa sababu magari ya kikosi hayakuaminika. Koplo Basili alikuja kuomba aongezwe. Alisema anaijua njia ile kuliko wote. Martha akamwambia hayumo kwenye majina. Basili akapiga saluti, akaenda kuwasaidia wenzake kufunga magunia ya viazi.

Askari wale walikaa juu mpaka moto ulipopungua. Watu waliupiga, vikosi vilivyotoka mbali vikachimba mikanda ya kuuzuia, na mwishowe mvua ikanyesha ambayo hakuna aliyeitarajia mwezi ule. Walirudi macho yamekuwa mekundu na sauti zimekauka, wakalala mchana kutwa. Hakuna aliyekuwa ameumia. Mtoto wa Mzee Sifael naye alishuka, nyayo zimeungua, akabebwa mgongoni na mmoja wa wale askari kuanzia mahali ambapo njia ya gari inaishia. Mzee hakuja kambini kushukuru. Alimtumia mama yake Martha mkungu wa ndizi, bila maelezo.

Mafundi wa boza walifika mvua za vuli zilipoanza. Walilifungua, wakalitazama chini na juu, wakazungumza na Basili kwa muda mrefu, kisha wakaandika kwamba halifai. Likapandishwa juu ya trela likapelekwa mkoa mwingine, na Basili akasimama barabarani mpaka lilipopotea kwenye kona. Jingine liliahidiwa. Redio zililetwa, nzuri. Sherehe ya Desemba kikosi kilipita uwanjani kwa miguu, na makofi yalikuwa ya kawaida.

Meja Julius alistaafu akiwa Meja. Waliagana bwaloni kwa soda na nyama, na Hilda alikuja, ameketi kwenye kiti cha kuegemea karibu na mlango kwa ajili ya hewa. Hotuba zilikuwa fupi. Watu walipoanza kutawanyika, Meja alimfuata Martha, akiwa ameshika sahani ambayo hakuwa ameigusa.

"Sikukusamehe kwa siku nyingi," alisema. "Nilikuwa nakuona hapa kambini, nageuza njia."

"Niliona, Afande."

"Sasa nimechoka kukasirika. Kule nyumbani kuna ng'ombe na kuna mama huyu. Hasira inataka mtu mwenye nafasi."

Martha akamwambia kwamba siku ile ya Kanali, bwaloni humo humo, alikuwa tayari kusema ni yeye aliyejaza. Meja akasema alijua, ndiyo maana aliwahi. Akamwomba amsaidie kumwinua Hilda, wakamshika huku na huku, wakampeleka garini taratibu. Hilda alikuwa mwepesi kama mtoto. Alimshika Martha mkono, akamwambia naye apumzike, anaonekana vibaya.

Mafunzo ya miinuko yaliruhusiwa mwaka mpya ulipoanza. Kikosi kizima kilipanda, Martha akiwemo, na kamanda mpya, mtu wa maneno machache aliyetoka kusini, akiwa mbele kabisa. Kwenye msitu walikwenda wakiimba. Walipotoka kwenye miti na kuingia nyikani nyimbo zikaisha zenyewe. Vichaka vilikuwa vijiti vyeusi mpaka mbali, na majivu yaliyolowa yaliganda kwenye viatu. Martha alibaki nyuma. Mapafu yake yalikataa, na kila alipoinua macho mstari wa askari ulikuwa umesogea mbele zaidi.

Akamkuta Koplo Basili amekaa juu ya jiwe, kofia mkononi, midomo imepauka. Mganga wa kikosi alikuwa ameshampima, akamwamuru ashuke na mtu, asishuke peke yake. Lakini wenzake wote walikuwa wamekwenda.

"Niandike sikufika, Afande," alisema Basili. Alisema bila kumtazama. Kwa umri wake, kuandikwa hivyo kulikuwa na maana moja, kustaafishwa, na wote wawili waliijua.

"Pumzika kwanza," Martha alimwambia.

Alikaa kando yake. Upande wa Rombo mawingu yalikuwa yamelala chini yao, meupe, yametulia. Basili akasimulia kidogo habari za boza, jinsi lilivyokuwa jipya, jinsi walivyokuwa wakilipandisha mpaka kwenye geti la hifadhi likiwa limejaa na kushuka nalo wakipiga gumzo. Martha alisikiliza nusu, nusu akipumua. Mtu wa mwisho mstarini aligeuka na kupunga mkono, akiuliza kwa ishara kama anakuja. Kambi ya kulala haikuwa mbali tena. Angejikaza angefika.

Alimpungia aende. Akasimama, akampa Basili mkono, akamwinua. Akijua kwamba na yeye sasa hatahesabiwa miongoni mwa waliofika, akatangulia kushuka, akichagua mahali pa kukanyaga ili mwenzake afuate. Walipumzika mara nyingi. Msituni palikuwa na baridi na maji yakidondoka kutoka kwenye miti, na walipotokea kwenye migomba ya kwanza miguu yao ilikuwa ikitetemeka. Mwanamke aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe kando ya njia aliwatazama, akawapa pole, akawaonyesha bomba lenye maji.

Wakanywa, Basili kwanza, kisha Martha. Wakaketi kwenye nyasi, wakingoja miguu irudi.